Mbwa Majini, Msaka Makopo Ukingoni

Makopo ya jiokashi (geocaching), mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa, hufichwa mahali ambapo watu hawana shughuli napo: chini ya daraja, kwenye mizizi ya mikoko, nyuma ya ukuta wa mtaro. Mbwa naye akizidiwa na maji hukwama hukohuko, kwenye pembe zisizo na duka wala kijiwe cha bodaboda. Kwa hiyo anayesaka makopo Dar es Salaam, hasa kuanzia Machi mpaka Mei wakati wa masika, ajiandae kukuta kitu kingine kabla ya kopo.

Kwa asiyeujua mchezo: unapewa namba za GPS, unafika, unalitafuta kopo, unaandika jina kwenye kijidaftari kilichomo, unalirudisha lilipokuwa. Ulianza mwaka 2000. Tarehe 2 Mei Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake. Mkoba wa msakaji una simu, tochi, glavu, kioo kidogo cha kuchungulia, fimbo ndefu na kamba. Nusu ya vitu hivyo ni vifaa vya uokoaji, mwenyewe akijua au asijue.

Maelekezo mengi ya kuokoa mbwa majini yanatoka nchi za barafu. Kule mbwa anakimbia juu ya ziwa lililoganda, barafu inapasuka, anabaki ameshikilia ukingo kwa miguu ya mbele. Barafu angavu na ngumu ya sentimita 10 ndiyo inayohesabiwa kumbeba mtu anayetembea. Ikiwa nyembamba zaidi, mwokoaji hulala kifudifudi ili uzito usambae, au husukuma ngazi mbele yake. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ameufupisha muda wa mtu aliyetumbukia kwa hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kuituliza pumzi baada ya mshtuko wa baridi, dakika 10 ambazo mikono bado inafanya kazi, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu.

Huku kwetu bahari ni ya vuguvugu mwaka mzima. Mbwa mwenye afya hauawi na baridi ndani ya dakika kumi, na hilo linampa msakaji wa Dar kitu ambacho mwenzake wa Kanada hana, yaani muda wa kufikiri. Kinachoua hapa ni maji kujaa, tope na mkondo. Vyote vitatu vinahesabika ukiwa umesimama pakavu.

Kanuni moja haibadiliki, barafu iwepo isiwepo: mwokoaji haingii majini. Mbwa anayezama hupanda juu ya chochote kinachoelea, na kichwa cha binadamu kinaelea.

Kazi ya kwanza ni kutoa taarifa, na hapo ndipo msakaji anapomzidi mpita njia yeyote, mradi asizivuruge namba zake. Namba za jiokashi huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, mfano S 06° 47.250 E 039° 16.900. Ramani za simu mara nyingi huonyesha digrii zenye desimali: -6.78750, 39.28167. Kubadili ni kugawa dakika kwa 60, kujumlisha kwenye digrii, kisha kutanguliza alama ya kutoa kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Ramani inampeleka mwokoaji kusini mwa Ethiopia. La pili ni kuzichukua dakika kama zilivyo na kuandika -6.47250, 39.16900; hapo umemtupa baharini, kaskazini ya Mbweni, zaidi ya kilomita 35 kutoka alipo mbwa. Tarakimu ya mwisho kabisa ya dakika ina thamani ya kama mita 1.85 tu, usiihangaikie. Simu yenyewe mahali peupe hukosea mita 3 hadi 5, na chini ya mikoko minene au katikati ya maghorofa hukosea zaidi.

Njia rahisi ni kutuma pini ya mahali kwa WhatsApp, halafu upige simu utaje alama za mtaani, maana hakuna dereva wa mji huu anayeendesha kwa kusomewa desimali. "Daraja la Salenda, upande wa Jangwani siyo wa baharini, ndani ya mikoko kama mita 80" inaeleweka na kila mtu. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Waambie mwanzoni kabisa kama kuna mtu majini au ni mnyama peke yake, kwa sababu siku ya mafuriko wana watu wa kuwawahi, na mbwa atasubiri zamu yake. Asifichwe mtu ukweli huo kwa tamaa ya gari kuja haraka.

Palipo na mlango wa mto au ufuko, msaada wa karibu zaidi huwa ni wavuvi wa Msasani, Kunduchi, Feri au Mjimwema, kutegemea ulipo. Nenda kwa adabu na useme jambo zima kwa mara moja: "Shikamoo nahodha. Kuna mbwa amekwama kwenye tope la mikoko na maji yanajaa. Mtumbwi wako unaweza kufika? Gharama juu yetu." Patana kabla mtumbwi haujaondoka. Nahodha anayajua mapito ya maji kuliko ramani yoyote ya simu, na upondo wake unapima kina huku unasukuma.

Kwenye mikoko, saa ndiyo kila kitu. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 3 au zaidi. Hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hukupwa kwenye saa nne. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa mwinuko wote mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3 hiyo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Sasa mtazame mbwa aliyedidimia hadi tumboni, pua yake ikiwa sentimita 40 juu ya tope. Maji yakimfikia mwanzoni mwa kujaa, ana zaidi ya saa moja. Yakimfikia saa ya tatu, ana dakika 32. Huyo wa kwanza mngojee nahodha. Huyo wa pili anahitaji dumu la kumwinua kichwa sasa hivi. Usikisie: chomeka kijiti pale maji yalipofika, angalia baada ya dakika tano.

Tope la mikoko halimshiki mbwa kwa uzito wake. Mguu ukivutwa juu, chini yake panabaki nafasi isiyo na hewa, tope linanyonya. Ndiyo maana kuvuta kwa nguvu hakumtoi ila humtegua bega au humkaba. Anayemfuata afike kwa mbao. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu miwili anakanyaga eneo la kama sentimita 450 za mraba. Akilala juu ya ubao wa sentimita 60 kwa 120 anatandaza uzito uleule kwenye sentimita 7,200 za mraba, mara 16. Tumia mbao mbili, moja ukiwa juu yake, ya pili ukiisogeza mbele. Mlango wa zamani au meza ya kuuzia samaki vinafaa. Usikate mikoko kutandika. Inalindwa na sheria, na matawi yake mabichi huzama tu. Gambuti nazo ziache pakavu, kwani tope likiingia juu ya shingo ya buti umejifunga nanga miguuni.

Ukimfikia, usimvute. Shusha kijiti au bomba jembamba kando ya mguu mmoja, kizungushe, mimina maji ya chupa kwenye tundu ili yafike chini ya unyayo. Tope likilainika utausikia mguu ukilegea. Uutoe, uuweke juu ya ubao, ndipo uende mguu wa pili. Mbwa akishakuwa na miguu miwili ya mbele kwenye ubao, mara nyingi hujimalizia mwenyewe, na ataondoka bila kuaga.

Mtaro wa zege ni habari nyingine. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mvua ya Pugu na Kisarawe huleta maji Kigogo na Jangwani hata kama juu ya kichwa chako jua linawaka. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kasi ikiongezeka mara mbili nguvu ya msukumo huongezeka mara nne. Kabla ya lolote tazama chini ya mkondo kuna nini. Ikiwa ni kalavati lenye takataka zilizojikusanya mdomoni, hapo ndipo pa hatari kuliko pote: maji hupita, mwili hubaki umebanwa. Mtu mmoja akae juu ya mkondo kuangalia magogo na mabati yanayokuja, mwingine akae chini ya mkondo akiwa na kamba ya pili.

Kuta za mtaro ni wima, na mbwa huchoka kwa kuzikwangua. Hahitaji kubebwa kama utampa pa kutokea. Teremsha ubao mrefu kwa mshazari, ukiufunga salfeti ili kucha zipate pa kushika, ncha ya chini iingie majini sentimita 30 hivi. Bila ubao, tenga la kuku linafanya kazi nzuri sana: kamba nne pembeni, jiwe la kilo mbili au tatu ndani ili lizame kidogo, unaliweka mbele yake chini ya mkondo naye analetwa ndani na maji yenyewe. Kreti la soda linatosha kwa mbwa mdogo tu.

Halafu kuna watu. Umati hukusanyika haraka, watoto wakipiga kelele, wengine wakirusha mawe. Mbwa huogelea kukimbia kelele. Badala ya kugombana na umati, uhamishe: waombe wote wasimame ng'ambo, upande usiotaka aende, na upande wenye ubao abaki mtu mmoja aliyechuchumaa kimya. Mara nyingi hilo peke yake humaliza kazi.

Pwani hii wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, na mbwa aliyelowa ni najisi nzito. Aliyemgusa ataosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Usimlazimishe mtu kumshika, wala usimwone hana huruma. Mpe kamba, mpe dumu, mpe simu apige. Glavu za msakaji zipo kwa ajili ya anayeshika.

Kamba iwe ya plastiki inayoelea, unene wa milimita 10, urefu wa mita 20. Chini ya milimita 8 hukata kiganja ikilowa. Ya nailoni huzama, ya katani hunywa maji ikawa nzito. Ukiwa dukani omba kipande, ukitumbukize kwenye ndoo ya maji, utajua. Kwa kurusha, funga ncha kwenye chupa ya lita 1.5 yenye maji theluthi moja: itaruka mbali na bado itaelea. Irushe kupita mbwa, siyo kumlenga, kisha uivute taratibu mbele ya pua yake. Usijifunge kamba kiunoni wala usiizungushe mkononi. Mkondo ukimchukua mbwa, uiachie.

Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara linabeba karibu kilo 20 juu ya maji. Mbwa akiwa ndani ya maji sehemu kubwa ya uzito wake inabebwa na maji, kwa hiyo hata dumu la lita 5 linatosha kumshika kichwa kisizame. Madumu mawili ya 20 yakifungwa kwenye ncha mbili za ubao ni chelezo kamili.

Fimbo ya kitanzi ndiyo tunayoiamini zaidi. Kata bomba la plastiki la inchi moja, mita 3, pitisha ndani kamba ya mita 7 iliyokunjwa mara mbili, ncha ya mbele itoke kama kitanzi. Funga fundo la kuzuia ili kitanzi kisijibane chini ya sentimita 40 za mzunguko. Bila fundo hilo umetengeneza kitanzi cha kunyongea. Kipitishe shingoni na mguu mmoja wa mbele. Shingo peke yake hukaba koromeo; shingo na mguu, mzigo unakaa kifuani na mbwa hachomoki. Mvute usawa wa maji mpaka ukingoni, halafu mtu wa pili apitishe kitenge chini ya tumbo ndipo ainuliwe.

Ufukweni, Coco Beach kwa mfano, maneno ni machache. Mbwa akivutwa nje na mkondo wa mawimbi huogelea kuelekea pale alipoingilia na kuchoka hapohapo. Tembea ufukweni kwa pembeni mita 50 hivi ukimwita, akufuate atoke kwenye mkondo. Akiendelea kwenda nje, ni kazi ya mtumbwi.

Akishatoka, mlaze ubavu, kichwa chini kidogo ya kiwiliwili, vuta ulimi nje, futa tope mdomoni. Kumning'iniza kwa miguu ya nyuma na kumzungusha hakutoi maji mapafuni, kunategua nyonga. Asipopumua wala moyo kusikika, bana kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mbano uingie theluthi hadi nusu ya upana wa kifua. Maelekezo ya kitabibu huongeza pumzi mbili za puani kila baada ya mibano 30, na kwa aliyezama pumzi hizo zina maana kubwa. Kwa mbwa usiyejua chanjo yake, sisi tunabana kifua tu.

Anayepumua mpeleke kivulini. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Akikaa majini kwa saa nyingi atashuka hata Dar, kwa kuwa maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa na upepo wa baharini humalizia. Mkaushe kwa kanga kavu, ibadilishe ikilowa. Chupa ya maji ya uvuguvugu iviringishwe kitambaa kwanza. Kinyume chake pia hutokea: mbwa aliyechoka, mchanga wa saa saba mchana, anapata kiharusi cha joto baada ya kuokolewa. Bonyeza ufizi kwa kidole. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mweupe, wa bluu au mwekundu wa tofali ni safari ya daktari wa mifugo. Maji baridi ya kunywa mpe kidogo kidogo. Aliyemeza maji mengi ya chumvi atatapika na kuyumba, naye ni wa daktari. Kwa saa 24 au zaidi hesabu pumzi zake akilala: 10 hadi 30 kwa dakika ni kawaida, zikizidi 40 au akikohoa, huenda mapafu yana maji.

Kumfunga mdomo kwa kitambaa ni sawa kwa anayetaka kuuma, lakini kamwe siyo kwa anayekohoa, anayetapika au anayehema sana. Huyo mfunike kichwa kwa kanga.

Kuna imani kwamba mbwa aliye majini hawezi kuwa na kichaa kwa vile kichaa huogopa maji. Hofu hiyo ya maji ni dalili kwa binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kabisa kuogelea. Aliyeumwa, au aliyedondokewa mate kwenye mchubuko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa ya ukutani, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Maji ya mtaroni nayo yana mkojo wa panya, na homa ya mgunda iliyotikisa Lindi mwaka 2022 hupita kwenye ngozi iliyochanika. Funika michubuko kabla, oga kwa sabuni baadaye, na homa ikikupata ndani ya mwezi mmoja mwambie daktari uligusa maji ya mafuriko. Bila kuambiwa ataanza na malaria.

Linabaki kopo. Likiwa mahali ambapo mbwa mwenye miguu minne ameshindwa kutoka, mfichaji aandikiwe siku hiyohiyo. Ugumu wa ardhi katika jiokashi hupimwa 1 hadi 5, na 5 ni mahali panapohitaji vifaa maalumu kama mtumbwi. Kopo la mikoko lililoandikwa 2 kwa sababu lilifichwa maji yakiwa yamekupwa linadanganya watu. Mfichaji apandishe daraja, au alihamishe juu ya mstari wa taka unaoachwa na bamvua, na aandike wazi kwenye maelezo: siku za bamvua ingia maji yakikupwa, saa nne asubuhi, na kabla ya saa sita uwe umeshatoka.